Modeli T na Landrova Kwenye Kivuko cha Poli

Juzi pale gereji ya Kaloleni ninyi vijana madereva mliniuliza swali, mkaondoka na watalii wenu kabla sijajibu. Mlikuwa mmetoka Kisongo kuona magari ya zamani yaliyowekwa kwenye maonyesho, yameng'arishwa mpaka mtu anaweza kunyolea ndevu kwenye boneti. Moja lilikuwa Modeli T, lile jeusi lenye magurudumu membamba kama ya baiskeli. La pili landrova, ya zile za mwanzo kabisa, kijani kilichopauka. Mmoja wenu akasema, "Shikamoo babu. Wewe umeyaendesha yote mawili. Lipi lilikuwa gari hasa?"

Niliitikia marahaba, nikaanza kufikiri, na nilipoinua macho mlikuwa mmekwisha kwenda. Siwalaumu. Mgeni wa ndege hangojei babu amalize kufikiri. Sasa nimemwomba mjukuu wangu aniandikie, maana jibu lenyewe ni refu, na sehemu yake nyingine sijawahi kuisema mbele ya kelele za spana.

Nilikuwa fundi na dereva kwenye shamba la kahawa la Mgiriki mmoja tuliyemwita Bwana Yani, juu kidogo ya Poli, enzi za Mwingereza. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Elirehema, Mmeru wa hapohapo, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Alikuwa akiendesha Modeli T ya shamba tangu mimi sijajua kuvaa suruali. Mkewe tulimwita Mama Anna, kwa jina la binti yao wa pekee.

Nianze na T. Nikimpa mmoja wenu leo hatatoka nayo getini. Ilikuwa na pedali tatu, na hakuna hata moja iliyofanya kazi mnayoidhania. Ya kushoto ilikuwa ya gia: ukiikanyaga mpaka chini gari linakwenda polepole kwa nguvu, ukiiachia linakimbia. Ya katikati ilikuwa ya rivasi. Ya kulia ndiyo breki. Mafuta hayakukanyagwa, yalivutwa kwa kijiti chini ya usukani, mkono wa kulia. Kijiti cha kushoto kilikuwa cha moto, cha kuwahisha au kuchelewesha cheche za plagi. Na kuwasha ni kwa hendeli, mbele, umeinama kama anayeng'oa muhogo.

Siku yangu ya kwanza nilisahau kuchelewesha moto. Nikazungusha hendeli, injini ikarudi kinyume, hendeli ikanipiga mkono ukavimba kama ndizi ya mzuzu. Mzee Elirehema alinifunga kwa kitambaa na maganda ya mgomba, akaniangalia, akasema, "Basi. Sasa mmejuana." Kisha akanionyesha jinsi ya kushika: kidole gumba kilale upande mmoja na wenzake, kisizunguke hendeli, na uvute kwenda juu, usisukume kwenda chini. Hilo lishikeni hata leo. Jenereta nyingi za mashine za maji bado zina hendeli, na gumba halioti tena.

Wakati wa vita kuu ya pili vipuri vilikatika kabisa. Mikanda ya ndani ya gia ilipokwisha tuliibandika ngozi ya ng'ombe, tukailoweka kwenye mafuta kwanza ili isiungue. Mipira ya ndani ya tairi ilipokwisha tulijaza majani makavu, tukayashindilia mpaka tairi likawa gumu. Siku moja tuliegesha sokoni Tengeru, tukaingia kunywa chai. Tulipotoka tulikuta ng'ombe wa mzee mmoja Mwarusha amepata ufa kwenye tairi na anavuta majani taratibu, tairi limebaki kama soksi. Mwenye ng'ombe alituambia gari ni letu lakini majani ni ya Mungu. Mzee Elirehema alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka vile, na baadaye sikumwona tena.

Kuna jambo la T ambalo lazima mlielewe, la sivyo hamtanielewa huko mbele. Tangi la petroli lilikuwa chini ya kiti, na petroli ilishuka yenyewe kwenda kwenye injini, hakuna pampu. Kwenye mlima mkali pua ya gari inainuka, injini inakuwa juu kuliko tangi, petroli haifiki, gari linazima. Kwa hiyo barabara ya kupanda shambani tuliipanda kwa rivasi. Unageuza gari kule chini, unaelekeza mgongo wake mlimani, unakanyaga pedali ya katikati, na unakwenda nyumanyuma mpaka juu, dereva amegeuza shingo anaangalia nyuma juu ya vichwa vya abiria. Wao wanakuangalia wewe, wewe unaangalia njia. Tuliwahi kumpeleka bibi harusi kanisani hivyo. Njia nzima alikuwa ametazama kwao, na mama yake akasema afadhali, ametuangalia mpaka mwisho.

Sasa kivuko. Kati ya shamba na barabara kubwa ya Arusha kulikuwa na mto unaoshuka kutoka msituni, na wakati huo haukuwa na daraja, mawe tu yaliyopangwa chini ya maji. Siku za kawaida maji hayakufika magotini. Mvua ikinyesha juu mlimani, hata kama kwetu jua linawaka, ulishuka mto mwingine kabisa. Mzee Elirehema alinifundisha hivi: ukifika mtoni, zima injini. Usiangalie tu, sikiliza. Ukisikia mawe yanagongana chini ya maji, usiingie, maana maji yanayobeba mawe hayawezi kushindwa kubeba gari.

Binti yake Anna alikuwa ameanza darasa la kwanza. Homa ilimshika, na kufikia asubuhi ya siku ile alikuwa hasemi, anatetemeka, macho yamegeuka. Bwana Yani alisema chukueni gari, mpelekeni hospitali ya mjini. Mama Anna alikaa kiti cha nyuma na mtoto mapajani, mimi mbele na Mzee. Tulishuka haraka kuliko tulivyowahi kushuka.

Mto ulikuwa wa rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa. Mzee akazima injini. Tukasikiliza. Mawe yalikuwa yanagongana kama watu wanaopanga matofali.

Kabureta ya T ilikaa chini. Maji yakipita ekseli kidogo tu, injini inakunywa na kufa hapohapo. Hatukuweza kuingia na gari. Mzee alijifunga kamba kiunoni akaingia kwa miguu, akafika mahali maji yalipomshika kifuani, yakamwangusha, mimi na wachuma kahawa waliotukuta pale tukamvuta. Alitaka kuingia tena. Mama Anna akamwambia, "Ukienda na maji nani atatuvusha yakipungua?"

Basi tukasubiri. Tulimweka mtoto kwenye kivuli, chini ya mti wa msesewe ulioota ukingoni. Mama alikuwa akichovya khanga majini na kumpangusa uso. Mzee aliweka jiwe mahali maji yalipofikia, akawa anakwenda kuliangalia, anarudi, anakwenda tena. Jiwe lilibaki majini. Ng'ambo tulikuwa tunaona vumbi la magari kwenye barabara kubwa. Vumbi, wajukuu zangu. Kule kulikuwa kukavu.

Jua lilipokuwa limeanza kuteremka Mzee alirudi kutoka kwenye jiwe lake akasema, "Yanapungua." Mama Anna hakuinua kichwa. Alikuwa ameacha kuchovya khanga.

Baada ya muda akasema, "Baba Anna, turudi nyumbani."

Na kurudi nyumbani kulikuwa ni kupanda mlima. Tuliwasha gari, Mzee akaligeuza, akaelekeza mgongo wake juu, akakanyaga pedali ya katikati. Ilibidi aangalie nyuma. Hakukuwa na namna nyingine ya kuiona njia. Alipanda mlima ule wote ametazama kiti cha nyuma, mkewe amekaa ameelekea kwake, na mtoto amefunikwa khanga katikati yao. Nilimwambia, "Mzee, niachie mimi." Alitikisa kichwa. Hakugonga jiwe hata moja. Mimi niliangalia mbele, mto ukizidi kuwa mdogo kule chini, kwa sababu sikuweza kuangalia walikokuwa wao.

Alirudi kazini baada ya maziko. Aliosha gari, akakagua mafuta, akaendelea. Sikumsikia akiutaja mto.

Landrova ilikuja miaka kadhaa baada ya vita kwisha. Hapo Mzee nywele zimekuwa nyeupe, na mimi nimeoa. Bwana Yani aliileta mwenyewe kutoka mjini na kuiacha mbele ya ghala, tukaizunguka kama ng'ombe wa mnadani. Bodi yake ilikuwa aluminiamu, haishiki kutu. Magurudumu yote manne yalivuta. Ilikuwa na gia za kawaida, na pembeni gia nyingine ya nguvu, ukiiingiza gari linatambaa kama kinyonga lakini halikatai mlima. Petroli ilipelekwa na pampu. Bwana Yani alimpa Mzee ufunguo, akamwambia aipeleke juu mpaka mwisho wa shamba.

Tulipanda wawili. Pale mahali pa kugeuza, Mzee alipunguza mwendo kwa mazoea, mguu ukatafuta pedali ya katikati. Kisha akakumbuka. Akaingiza gia, landrova ikapanda bila kulalamika. Tulipofika juu alizima injini, akakaa mikono imebaki kwenye usukani.

"Imepanda ikiangalia mbele," alisema.

Tulikaa pale mpaka injini ikapoa.

Mkitaka jibu la kifundi, hili hapa, liandikeni ukutani gereji. T ilikuwa nyepesi, iko juu, tumbo lake wazi. Maji yalipita chini na katikati ya magurudumu bila kuisukuma sana. Ugonjwa wake ulikuwa injini kunywa maji. Landrova injini yake ilivumilia, ila bodi ni sanduku. Sanduku likiingia kwenye maji ya kasi linasukumwa, na likifungwa milango linaelea. Kwa hiyo kabla ya kuvuka unang'oa milango, maji yaingie huku yatokee kule. Unafungua mkanda wa feni, kwa sababu feni ikizunguka majini inarusha maji kwenye plagi. Unafunga gunia mbele ya rejeta. Unaingiza gia ya nguvu, unakwenda taratibu bila kusimama, na hubadilishi gia katikati ya mto kwa sababu yoyote. Yote hayo alinifundisha Mzee Elirehema, na siku ninayotaka kuwaeleza aliyafanya yote.

Mke wangu Ndeshi alikuwa na mimba ya kwanza. Uchungu ulimshika jana yake, na asubuhi shangazi yangu, aliyekuwa mkunga wa kule kwetu, alitoka nje akanivuta kando ya migomba. "Mtoto amekingama tumboni," akaniambia. "Nimejaribu kumgeuza, amekataa. Huyu ni wa kisu cha hospitali, na ni leo."

Nilikimbia shambani. Bwana Yani alitoa ufunguo bila kuuliza. Mzee alikuwa ghalani, akauchukua mkononi mwangu. "Wewe kaa na mkeo," alisema. "Gari niachie mimi."

Tulimpakia Ndeshi nyuma, mimi na shangazi tukakaa naye. Mvua ilikuwa imenyesha mlimani. Nilijua kabla hatujafika, kwa harufu ya udongo. Mzee alisimamisha landrova ukingoni, akazima injini. Ndeshi aliuma khanga asipige kelele. Tukasikiliza.

"Mzee," nikasema, "mawe yanagonga."

"Nayasikia."

"Tusubiri kidogo? Huenda yakapungua."

Aliangalia ule msesewe. Ulikuwa umekua, kivuli chake kimefika majini. Halafu akasema, kwa ile sauti yake ndogo, "Hapa nilishasubiri."

Tukang'oa milango. Tukafungua mkanda wa feni, tukafunga gunia. Alikwenda nyuma akamwinamia Ndeshi. "Mwanangu, tutaingia majini. Utaweza kujishika?"

"Nitaweza, baba."

Aliingiza gia ya nguvu, tukaingia. Maji yalipita miguuni mwetu kwa kasi, yakitokea upande wa pili kama yalivyotakiwa. Injini haikukohoa. Niliiona ng'ambo ikisogea, nikaanza kuamini. Magurudumu ya mbele yalipanda ukingo, yakashika udongo, na hapo gogo lilishuka na maji likagonga ubavu wa nyuma. Landrova ikazungushwa matako kuelekea chini. Injini ikazima.

Mzee aliukunja usukani kuelekea ukingoni akaushikilia kwa mikono yote miwili. Kama angeuachia, magurudumu ya mbele yangenyooka na gari zima lingeondoka. "Mtoe," akaniambia. Hakupaza sauti. "Shangazi, shika miguu."

Tukampitisha Ndeshi ubavuni, juu ya madigadi, mpaka kwenye nyasi. Nilimlaza, nikageuka kumpa Mzee mkono. Nilimwona anaachia usukani na kujiinua kwenye kiti. Alinyoosha mkono wake. Ukingo ukakatika. Udongo wote uliokuwa chini ya magurudumu uliingia majini kwa mpigo, na landrova ikalala ubavu, upande aliokuwa Mzee. Mkono wake sikuufikia.

Watu walikuja kutoka mashambani na kamba. Nilikuwa nimeingia majini mpaka kiunoni, nimeshikilia mizizi, naita. Shangazi alinivuta shati. "Toka. Mkeo anakufa hapa. Kule kwenye maji wanaume wapo, huku hana mtu." Barabarani walikuwa wamesimamisha lori la ndizi lililokuwa linatoka Tengeru. Nilimbeba Ndeshi, tukampandisha juu ya ndizi, tukaenda mjini. Daktari aliniambia baadaye kwamba kama tungechelewa mpaka jioni asingekuwa na mtu wa kumfanyia kazi. Mtoto alikuwa wa kiume. Alilia mara moja, vizuri.

Mzee Elirehema walimpata kesho yake, mbali, mto unapotulia.

Nilikwenda kwa Mama Anna siku hiyohiyo. Walikuwa wamekwisha kumweleza. Nyumba ilikuwa imejaa watu wa kanisani. Alinipeleka jikoni, mahali pasipo na watu, akanikalisha kwenye kigoda. Alikuwa halii.

"Alizima gari kwanza?" aliniuliza. "Alisikiliza?"

"Alisikiliza, mama."

"Mawe yalikuwa yanagonga?"

"Yalikuwa yanagonga."

"Akasema nini?"

Nilitaka kutafuta maneno mengine. Hayakuwepo. "Alisema, hapa nilishasubiri."

Alichukua kuni akaisogeza, ingawa ilikuwa inawaka vizuri. "Basi," alisema. "Mkeo anaendeleaje?"

Mnaona kwa nini sikuweza kuwajibu harakaharaka pale gereji? Kwa gari moja tulisubiri, na mtoto akafa mikononi mwetu. Kwa lingine tulivuka, na mwalimu wangu akafa, nami nikabaki na mke na mwana. Watu wamewahi kuniambia kwamba landrova ndiyo iliyomponza, kwamba gari lenye nguvu linamtia mtu kiburi. Si kweli. Hakuwa na kiburi siku ile. Wengine husema alikwenda kumfuata Anna. Hilo pia sikubaliani nalo. Nilikuwa garini pamoja naye. Alikuwa mtu anayeendesha gari kwa makini, anayetaka kufika ng'ambo na kurudi. Mimi siwezi kusema alikosea, kwa sababu mwanangu ninamwona kila siku. Wala siwezi kusema alipatia, kwa sababu nilikaa jikoni kwa mjane wake.

Landrova ilivutwa kutoka mtoni na maksai. Niliitoa matope, nikakausha waya juani, nikabadilisha mafuta. Aluminiamu ilikuwa na mikunjo tu. Nilipoizungusha hendeli iliwaka mara ya kwanza, na nikaizima upesi, nikaenda nyuma ya ghala nikalia mpaka nikachoka. Niliiendesha miaka mingi baada ya hapo. T ilibaki ghalani mpaka Bwana Yani alipoondoka nchini. Aliyeinunua aliikata mabati. Daraja likaja kujengwa, na leo hamwezi hata kujua pale palikuwa na kivuko.

Ndeshi alipotoka hospitali nilikwenda kumchukua na landrova. Maji yalikuwa chini ya magoti. Tulivuka, tukapanda, na tulipofika kwa Mama Anna alikuwa amesimama kando ya njia, nguo nyeusi za msiba mwilini. Nilisimamisha gari nikashuka. Aliomba mtoto, akapewa. Alimfungua uso, akamwangalia sana.

Ndeshi akasema, "Mama, tumependa tumwite Elirehema. Tukiruhusiwa na wewe."

Mama Anna alitikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Mpeni jina lake mwenyewe. Msimpe deni." Hakulisema kwa ukali. Aliendelea kumshika mtoto, mguu mmoja mdogo umetoka kwenye nguo naye akiurudisha ndani. Mtoto alipoanza kulia alimpa mama yake, akaingia mgombani. Tukadhani amekwenda kujificha na uchungu wake, nikashika hendeli niondoke tusimsumbue. Akatoka na mkungu wa ndizi begani. Kabla sijamsaidia alikuwa amekwisha kuuweka nyuma ya gari, akausukuma mpaka ndani usije ukaanguka njiani.

"Apikiwe mtori wa ndizi hizi, utiwe nyama," akaniambia. "Mkeo amekonda."